Nyumba ya Mtoni na Kitabu cha Binti Said

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa sana juu ya tabia za watu, lakini katika makala haya nataka kuirudisha kwenye maana yake ya kwanza, yaani nyumba yenyewe, pamoja na kuta zake, ngazi zake na dari zake. Nyumba ninayokusudia kuifungua ni Beit el Mtoni, nyumba ya shamba ya Sayyid Said bin Sultan, ambayo magofu yake yapo ufukoni mwa Unguja, kaskazini ya mji. Ufunguo nitakaoutumia ni kitabu kilichoandikwa na binti aliyezaliwa humo, Sayyida Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete. Swali langu ni hili: nyumba ya kale inapowekwa chini ya ulinzi wa sheria, ni kitu gani hasa kinacholindwa?

Swali hili sikulitunga peke yangu. Muhula mmoja, tulipokuwa tukikisoma kitabu hicho darasani, kijana mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, wengine wetu hapa ni wajukuu wa wale waliobeba mawe. Kwa nini tuililie nyumba ya bwana?" Darasa zima lilinyamaza. Nilimjibu kwa maneno machache juu ya thamani ya historia, maneno ambayo mwalimu huyatoa anapokuwa hana jibu, naye akaketi kwa adabu bila kuridhika. Tangu siku ile jibu langu limeniudhi. Makala haya ni jibu la pili.

Kwanza tuitazame nyumba. Ujenzi wake ulianza yapata mwaka 1828, ukaendelea katika miaka ya mwanzo ya 1830, wakati Sayyid Said alipokuwa akiuhamisha moyo wa dola yake kutoka Maskati kuja Unguja. Ilikuwa ndiyo nyumba yake kubwa ya kwanza kisiwani, nayo ilipata jina lake kutokana na kijito kinachoteremka hapo kuingia baharini. Katika enzi yake mkarafuu ulienea Unguja na Pemba, na mataifa ya mbali yakaleta mikataba ya biashara: Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Kwa hiyo tusidhani kuwa nyumba ya shamba ilikuwa mahali pa kupumzikia tu. Ilikuwa mahali ambapo mali ya shamba na siasa ya bahari zilikutana chini ya paa moja.

Namna ya kujenga ilikuwa ile ile ya pwani yetu. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zililazwa juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwezi kupita urefu wake, chumba cha nyumba ya pwani huweza kuwa kirefu kadiri apendavyo mwenyewe, lakini hubaki chembamba. Yaani upana wa chumba cha Sultani uliamuliwa na mti uliokatwa matopeni. Chokaa nayo haipatikani ila kwa kupanga magogo, kupandisha juu yake mawe ya matumbawe, kuyachoma, kisha kuyaacha mpaka yawe unga. Kila hatua ya kazi hiyo ilitaka mabega, na mabega hayo tunajua yalikuwa ya nani. Mwanafunzi wangu alikuwa na haki.

Sasa tukitazame kitabu. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja. Mwaka uliofuata, huko Aden, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mume alikufa kwa ajali mwaka 1870, akamwachia watoto wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Yeye mwenyewe anasema kwamba hapo mwanzo hakuwakusudia wasomaji wa nje, bali aliwaandikia wanawe ili waijue asili yao.

Mhakiki hana budi kulishika jambo hilo la mwisho. Mama anayewasimulia wanawe nyumba ambayo hawatailala kamwe hasimulii kama mpima majengo, husimulia kama mtu anayewagawia urithi. Ndiyo sababu Mtoni ya kitabuni imejaa vitu ambavyo mtoto hurithi kwa macho na masikio: ua mkubwa ambamo paa, tausi, mbuni na bata walitembea kama watu wa nyumbani; safu ya vyumba vya kuogea mwishoni mwa ua; ngazi nyingi zisizohesabika, nyingine za kupandwa kwa tahadhari; na roshani ya mviringo iliyoelekea baharini, mahali ambapo baba yake alikunywa kahawa na wakubwa wa nyumba, na ambapo alizoea kutembea huku na huku, kichwa ameinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la vita. Nyumba, asema, haikuwa na mpango mmoja. Ilikuwa imeongezwa sehemu juu ya sehemu kadiri watu walivyozidi.

Katika habari zote za Mtoni, ipo moja ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuipita haraka. Salme anaeleza kwamba mbele ya Sultani Kiarabu peke yake ndicho kilichoruhusiwa, lakini mara tu alipogeuza mgongo zilizuka lugha nyingine zote: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi, na Kiswahili. Hapa mwandishi ametufungulia mlango ambao mawe hayawezi kuufungua. Ukisimama leo kati ya kuta za Mtoni huoni lugha. Unaona matao na uwazi. Lakini kitabu kinatufahamisha kwamba uwazi ule ulikuwa na utawala wake, na kwamba utawala huo ulivunjwa kila siku kwa minong'ono. Tena kinatufahamisha kwamba Kiswahili kilikuwamo ndani ya nyumba, kikisemwa nyuma ya mgongo wa mkubwa. Sijui kama ipo sifa ya lugha yetu iliyo ya kweli kuliko hiyo.

Hata hivyo, kusifu si kazi yote ya uhakiki, na kitabu hiki kina kasoro mbili ambazo msomaji yampasa kuzijua.

Kasoro ya kwanza ni ya jicho. Salme alihama Mtoni akiwa na umri wa miaka saba hivi, akaenda kukaa mjini kwa ndugu yake Majid. Aliyeandika alikuwa mwanamke wa makamo, lakini aliyeona alikuwa mtoto. Anaposema kwamba wakazi wa nyumba ile walifikia kama elfu moja, tusikimbilie kumkanusha, wala tusikimbilie kuinukuu idadi hiyo kama hesabu ya karani. Kwa mtoto, ua uliojaa watu ni elfu. Mtunza hesabu angeandika majina. Mtoto anaandika msongamano. Wanafunzi wengi hukosea hapa. Huchukua kitabu cha kumbukumbu wakakisoma kama daftari la serikali, au hugundua kwamba si daftari la serikali wakakitupa. Njia zote mbili ni za uvivu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya moyo. Katika sura anayouzungumzia utumwa, Salme anautetea ule wa Mashariki. Anadai haufanani na wa Marekani, anawalaumu Wazungu kwa haraka yao ya kuufuta, na anawasema watumwa kwa maneno ambayo msomaji wa leo hawezi kuyapitia bila kukunja uso. Twakumbuka kwamba Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897. Kwa hiyo mwaka 1886 mwandishi alikuwa akizungumza juu ya watu waliokuwa bado hawajawa huru. Wapiga kasia, wapishi, yaya na wachukuzi wa maji wamo kitabuni mwake, lakini wamo kama ngazi na milango ilivyomo. Hutumika, nao hawaulizwi neno.

Ajabu ni kwamba mwandishi huyu alikuwa na uwezo wa kuona. Anapomsimulia mama yake, anatueleza jinsi Jilfidan alivyopotezwa na wazazi wake kwa vita angali mtoto, akachukuliwa, akaletwa mbali, akakua katika nyumba ya mtu aliyemmiliki. Kurasa hizo zina huruma iliyo wazi. Basi alijua maana ya mtoto kunyang'anywa kwao. Alilijua jambo hilo kwa mtu mmoja, akashindwa kulipeleka kwa wengine waliokuwa wakipita mbele yake uani kila asubuhi. Wengine watasema huu ni unafiki. Mimi naona ni jambo la kawaida na la kutisha zaidi ya unafiki, yaani huruma inayofika mwisho wa ukoo na kusimama hapo. Kitabu kinachotuonyesha mpaka huo, hata bila kukusudia, kinatufundisha jambo ambalo kitabu chenye msimamo safi kisingeweza.

Ipo nyumba nyingine ya shamba kitabuni ambayo yafaa tuilinganishe na Mtoni, nayo ina jina la Kifaransa: Marseilles. Ilikuwa mali ya Khalid, mwana wa Sayyid Said, aliyekufa mwaka 1854. Salme anasema ndugu yake huyo alipenda Ufaransa na vitu vyote vya Kifaransa, ndiyo maana akaliita shamba lake kwa jina la bandari ile ya mbali. Vyumba vyake, isipokuwa vile vya kusalia, vilipambwa kwa vioo kuta nzima, hata taa zilipowashwa usiku nuru ilizidishwa mara nyingi. Sakafu ilikuwa ya marumaru nyeusi na nyeupe, na saa moja ya ufundi ilitoa vinyago vidogo vilivyocheza kila ilipogonga. Mwaka 1859, Barghash alipomwasi nduguye Majid, alijifungia katika nyumba hiyo pamoja na wafuasi wake. Salme, aliyekuwa upande wa waasi na ndiye aliyewaandikia barua, anasimulia jinsi Majid alivyosaidiwa na askari wa manowari ya Kiingereza, na jinsi nyumba ile ya vioo ilivyoharibiwa. Barghash akapelekwa Bombay.

Naitaja Marseilles kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba inaonyesha maana ya nyumba ya shamba kwa watu wale. Khalid hakujenga Ufaransa katika Unguja. Alijenga kwa wafanyakazi na mazoea ya Unguja, akavika jengo hilo jina na vioo vya mbali, kama vile matajiri wa Ufaransa katika karne ile ile walivyojenga nyumba za shamba kwa mitindo ya Italia au ya Mashariki. Tamaa ya kuwa mahali pengine huku umekaa kwenu haina taifa. Sababu ya pili ni kwamba uzuri ule wa Marseilles hauonekani tena popote isipokuwa katika kurasa chache za kitabu. Mtoni tunaweza kugusa ukuta na kusoma ukurasa, tukavilinganisha. Marseilles tumebakiwa na neno la shahidi mmoja. Na mwalimu anayetaka kuonyesha jinsi maandishi yanavyoweza kuwa makaburi ya nyumba hatapata mfano bora.

Salme alirudi Unguja mwaka 1885, akifuatana na manowari za Kijerumani, ambazo zilikuwa na haja zao wenyewe na madai yake. Alikwenda Mtoni. Alikuta sehemu kubwa imekwisha anguka, ngazi moja haipo kabisa, nyingine imeota majani na ni hatari kuipanda, na vyumba vya kuogea havina paa. Kurasa hizo, kwa maoni yangu, ndizo bora katika kitabu chote, kwa sababu hapo jicho la mtoto na jicho la mtu mzima hukutana kwa mara ya kwanza juu ya kitu kimoja. Hatupewi tena tausi wala kahawa. Tunapewa mtu anayetafuta mahali pa kuweka mguu.

Msomaji wa fasihi yetu hataweza kuzisoma kurasa hizo bila kuikumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utenzi aliouhariri William Hichens mwaka 1939. Mshairi yule wa Pate naye alisimama mbele ya nyumba zilizokufa. Naye alikumbuka taa, kumbi, na zidaka zilizojaa vyombo, kisha akaonyesha popo na wadudu waliorithi mahali pa mabwana. Lakini tofauti ni kubwa. Kwa mshairi, nyumba iliyoanguka ni hoja: anauambia moyo wake uache ulimwengu, na kila ukuta uliobomoka ni ushahidi wa hoja hiyo. Kwa Salme, nyumba iliyoanguka si hoja ya kitu kingine. Ni hasara. Mshairi angekuwa tayari kuiacha ianguke, kwa kuwa imekwisha fundisha. Binti angeijenga upya kwa mikono yake kama angeweza. Fasihi ya pwani, basi, ina njia mbili za kuangalia gofu, moja ya ibada na moja ya hamu, na mtu asiyezijua zote mbili atadhani kwamba sheria ya majengo ya kale ndiyo iliyovumbua thamani ya mawe hayo.

Sheria nayo ilikuja. Moto wa mwaka 1914 ulikuwa umekwisha teketeza sehemu kubwa ya jengo la Mtoni, na yaliyobaki yakatumiwa kama ghala wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zanzibar ilipata sheria ya kuhifadhi majengo ya kale mwaka 1927, Tanganyika ikafuata mwaka 1937. Leo magofu ya Mtoni, pamoja na yale ya Maruhubi, nyumba ya Barghash iliyoungua mwaka 1899, na hamamu za Kidichi, yamo katika mahali pa kale panapotunzwa, na wageni hupelekwa kuyatazama. Sipuuzi kazi hiyo. Bila sheria, mawe ya Mtoni yangekwisha kuwa misingi ya nyumba nyingine. Lakini sheria hulinda umbo, wala haiwezi kulinda maana. Tena hata umbo halilindwi na sheria peke yake. Beit el-Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, ilisimama katika Mji Mkongwe uliotangazwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Na tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi ya kuitengeneza, sehemu yake kubwa iliporomoka, watu wawili wakafa. Tuliomboleza jengo kwa majina yake yote. Katika mazungumzo mengi niliyoyasikia, wale wawili walitajwa mwisho.

Hapo ndipo maneno ya mwanafunzi wangu yaliponirudia. Mimi nakaa Kiwalani, si mbali na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, katika jiji ambalo lilianzishwa na Majid, ndugu yake Salme, katika miaka ya 1860. Mtaa wetu hauna nyumba inayolindwa na sheria yoyote. Zipo bado nyumba za Kiswahili za zamani, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Nyingine zilianza kwa miti na udongo, zikageuzwa za matofali ya saruji kidogo kidogo, kadiri mwenyewe alivyopata fedha. Nazo pia, kama Mtoni, zimeongezwa sehemu juu ya sehemu bila mpango mmoja. Nazo pia lugha nyingi husemwa uani. Zinapobomolewa, hakuna binti anayeandika kitabu. Mpangaji huhamisha kitanda chake, na baada ya wiki mbili hata jirani hakumbuki mlango ulikuwa upande gani.

Kwa hiyo sasa naweza kumjibu kijana yule. Hatuililii nyumba ya bwana. Tunaisoma. Na tukiisoma vema tutakuta kwamba haikuwa ya bwana peke yake: boriti zake zina alama za shoka la mtu, chokaa yake ilichomwa na mtu, na minong'ono yake ilikuwa katika lugha tunayoitumia mimi na wewe kujadiliana leo. Kitabu cha Salme kimetuhifadhia nusu ya nyumba hiyo kwa ustadi mkubwa, na kimeiacha nusu ya pili gizani kwa sababu ambazo tumeziona. Anayekikataa kitabu kwa ajili ya nusu ya pili atabaki bila zote mbili. Anayekikubali bila kuuliza atakuwa amejenga upya ua ule pamoja na utawala wake.

Kazi iliyobaki ni yetu, na si ya kuandika maombolezo. Katika mashamba ya Unguja na Pemba wamo wazee ambao babu zao walichuma karafuu na kuvunja mawe. Habari zao zapaswa kuandikwa kwa Kiswahili, kwa subira, kabla hazijafuata njia ya Marseilles. Na mwanafunzi wa Kiwalani anayeuliza kwa nini aililie nyumba ya wengine, namwomba aanze na ile aliyolala jana. Apime ukumbi wake, aulize nani alifyatua matofali, aandike ni lugha zipi zinasemwa uani mwenye nyumba akigeuza mgongo. Salme alianza na mfupa wa ngamia.